Lile la Baba

Ndugu yangu mdogo ana gari linalowashwa kwa kubonyeza kitufe. Habari hii huiingiza katika kila mazungumzo, hata ya msibani. Kwa hiyo alipokuja nyumbani Luzira Jumapili moja, akazunguka uani na kusimama mbele ya gari la Baba lililokuwa limelala chini ya turubai miaka tisa, nilijua hotuba inakuja. Nikaenda jikoni kuchemsha chai nikitumaini itaisha kabla sijarudi. Alinisubiri.

"Dada," alisema, "tuongee kama watu wazima."

Ndugu yangu akisema hivyo, maana yake ameshaongea na mtu mwingine. Safari hii alikuwa ameongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtu huyo angekuja na lori Jumamosi saa nane mchana, alikate gari pale pale uani, apakie vipande na kuondoka. Mahali ambapo pangebaki wazi pangejengwa vyumba vitatu vya kupangisha. Michoro ilikuwa tayari kwenye simu yake. Vyumba vilikuwa na milango ya kijani na maua nje, na kwenye mchoro palionekana mwanamke amesimama mlangoni akitabasamu, nadhani mpangaji, akifurahia kuishi juu ya kaburi la gari la baba yetu.

Baba mwenyewe alikuwa barazani, hatua kama ishirini kutoka tuliposimama, kwenye kiti chake cha mikono. Alikuwa dereva wa polisi kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu akawa fundi wa gari lake na mshauri asiyeombwa wa magari ya mtaa mzima. Miaka miwili kabla ya Jumapili ile alipata kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia na karibu maneno yake yote. Yalibaki machache, yakitoka moja moja kwa sauti ya kukwaruza. Daktari alituambia tumpe muda, maneno mengine yatarudi. Sisi tukampa muda kama watu wa Kampala wanavyojua kuutoa, yaani tuliangalia saa.

"Mzee hajui tena kinachoendelea," ndugu yangu alisema. Aliteremsha kichwa kwa heshima, ila sauti aliiacha ilipokuwa. "Tusijidanganye."

Nikamwambia gari litawaka.

Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya hapa, kazi ambayo watu huisifia sana kisha wakabadili mazungumzo. Ninachojua kuhusu injini ni kwamba iko mbele. Lakini nilikuwa nimeshasema, na ndugu yangu alikuwa ameshacheka, kwa hiyo tukaandikiana mkataba wa mdomo. Kama kufikia Jumamosi saa nane gari lingetoka getini kwa nguvu zake lenyewe, lingebaki uani maisha yote ya Baba na hakuna ambaye angelizungumzia tena. Kama lingeshindwa, lori lingeingia. Alikubali upesi mno, na upesi ule ndio ulionichoma.

Niseme wazi kilichokuwa kinaniuma. Kila asubuhi nilipomtoa Baba barazani, kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho ni turubai lile. Akiliona, anatulia. Niliamini kwamba humo ndimo alimobaki yeye aliyekuwa zamani, na siku akiona gari linakatwa kwa moto mbele yake, ataacha kutafuta chochote. Sikulala vizuri wiki ile kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mapenzi yangu kwa magari.

Maana gari lenyewe halipendeki. Ni la Ulaya, la mwanzoni mwa miaka ya themanini, rangi ya maziwa, lenye pua ndefu. Baba alilinunua kwenye mnada na tangu hapo akaliheshimu kuliko wageni. Mtandaoni watu wenye magari kama hayo huyaita ya kihistoria na kuyapiga picha machweo. Luzira tunaliita bovu.

Fundi wa Nateete niliyeelekezwa aliahidi kuja Jumatatu asubuhi. Alikuja Alhamisi asubuhi, kwa hiyo nusu ya ahadi aliitimiza. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu zama fulani. Alilizunguka gari mara mbili, akavua turubai, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Madamu," aliniambia, "hii gari hapana kufa. Iko nalala tu."

Moyo wangu ulitulia. Baadaye niligundua kwamba husema hivyo kwa kila gari.

Boneti lilipofunguka tulikuta wapangaji walishahamia bila kusubiri milango ya kijani. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chujio la hewa nyumba ya pamba, majani na vipande vya gazeti, nyumba safi kuliko bweni la shule yangu. Fundi aliwahamisha. Akatoa plagi zote, akamimina mafuta kidogo ya injini kwenye kila tundu, akaizungusha injini kwa spana kwa mkono, polepole, akisikiliza. Ilizunguka. Akasema injini haijashika, na nikapiga makofi bila kujua nashangilia nini. Petroli iliyotoka kwenye tangi ilikuwa nyekundu na nzito na ilinuka rangi ya kucha. Aliimwaga kwenye mtungi, akasafisha tangi, akaweka petroli mpya, akabadilisha chujio, akafunga betri aliyokuja nayo, akageuza ufunguo.

Injini ikazunguka kwa nguvu. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, wala gari halikuwaka.

Wakati huo watu walishaanza kukusanyika kwenye uzio. Kampala hakuna mtu asiyejua gari. Wako wasio na gari, na hao ndio wanaojua zaidi. Muuza chapati wa kona alisema ni betri. Mwendesha bodaboda alisema betri iko sawa ila tulisukume gari. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndizi kichwani alisimama, akatazama injini kwa muda mrefu, akasema imelogwa, akaendelea na safari. Kwa kuwa yeye peke yake hakuomba chai, nilimheshimu zaidi ya wote.

Hapo ndipo Baba alipoongea.

Nilikwenda barazani kumpa maji, nikamkuta amekaza macho upande wa gari, midomo inahangaika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unagonga kiti. Ko, ko, ko. Kisha neno likatoka, la kukwaruza lakini kamili.

"Lile."

Nilisimama na kikombe mkononi. Ili mnielewe lazima niwaeleze Kiswahili cha Baba. Baba alijifunzia lugha kambini, na Kiswahili cha kambini, kama cha Kampala nzima, kina ngeli moja tu, nayo inaitwa "hii". Hii mtu, hii viatu, hii maji, hii gari. Mimi niliyesomea lugha hiyo Dar es Salaam nilitumia ujana wangu wote kumsahihisha. Sema gari lile, Baba, si ile gari. Alikuwa akinicheka. "Wewe mwalimu," alikuwa akisema, "gari yenyewe hapana kasirika, wewe nakasirika nini?" Sasa mtu huyu, aliyepoteza hata jina lake mwenyewe, alikuwa amelitazama gari lake na kusema lile. Ngeli ya tano. Sahihi kabisa. Kiharusi kilikuwa kimefaulu pale niliposhindwa miaka thelathini.

"Ndiyo, Baba," nilimwambia, machozi yamenilenga. "Gari lile. Gari lako lile."

"Lile," alisema, akagonga kiti. Ko, ko, ko.

Fundi aliniuliza kutoka kule uani mzee anasemaje. Sauti ya Baba haivuki uani, kwa hiyo kila anachosema lazima kipitie kwa mkalimani, na mkalimani nilikuwa mimi, mwenye shahada. "Anasema anataka gari lake," nilimjibu. Fundi akasema "bambi, mzee," yaani maskini, akarudi kwenye plagi zake.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa na vipindi. Kidato cha pili tulikuwa tumefika kwenye upatanisho wa kisarufi, na nikaona nisiwanyime ushuhuda ulio hai. Niliwasimulia habari za mzee mmoja mgonjwa, asiyeweza kujitamkia jina, ambaye bado anajua kwamba gari liko katika ngeli ya li-ya. Nikawaambia sarufi hukaa mahali pa ndani kuliko kumbukumbu. Sentensi hiyo niliipenda nikairudia. Darasa lilipiga makofi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma aliiandika kwenye daftari, na ninaomba Mungu ampotezee daftari hilo.

Niliporudi nyumbani alasiri, fundi alikuwa amelala chini ya gari. Plagi zilikuwa zinatoa moto mzuri, alisema, ila petroli haifiki kwenye injini. Gari hili lina pampu ya umeme huko nyuma karibu na tangi. Aliitoa, akaiunganisha moja kwa moja kwenye betri, nayo ikavuma vizuri. Akairudisha mahali pake, akageuza ufunguo, kimya. Fyuzi zilikuwa nzima. Kwa hiyo, alisema, ni waya. Panya wamekula waya mahali fulani kati ya mbele na nyuma, na yeye atafuata waya mmoja mmoja mpaka aupate uliokatika.

"Na kama hakuna uliokatika?"

"Madamu, panya iko nane. Lazima iko moja ilikula."

Simu ikalia, alikuwa ndugu yangu. "Limewaka?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa huku ameshakodi maturubai ya matanga. Nikamwambia limekaribia.

Kumbe barazani Baba alikuwa amechafuka roho. Jirani aliyekuwa akimwangalia nikiwa shuleni alisema ameshinda akigonga kiti na kurudia neno moja, na kwamba yeye amempa maji, mto, kofia na redio, vyote akavikataa. Nikamwinamia.

"Lile," alisema. "Lile! Lile!"

"Baba, tunalitengeneza. Usijali. Lile gari hakuna atakayelichukua."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani ananishukuru. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi, akasema neno lingine ambalo sikuwa nimelisikia tangu augue.

"Mbuzi."

Nilifurahi isivyo kawaida. Maneno mawili mapya katika siku mbili! Na hamu ya kula juu yake! Nilichukua kikapu nikaenda buchani kabla hapajafungwa, na jioni ile Baba alikula mchuzi wa mbuzi uliochemka saa mbili mpaka ukalainika. Alikula akiniangalia. Kwenye kituo chake cha zamani, nilikuja kukumbuka siku ya pili yake, mbuzi lilikuwa jina walilopewa makuruta wasiosikia wanachoambiwa.

Jumamosi fundi alifika mapema, jambo lililonitisha. Kufikia saa tano alikuwa amebadilisha nyaya zote za kwenda nyuma, nzima na zilizotafunwa, na viti vya gari vilikuwa vimetolewa na kupangwa uani kana kwamba tunangojea wageni. Aligeuza ufunguo. Injini ikazunguka. Pampu kimya. Aligeuza tena. Saa sita akafunga boneti taratibu.

"Madamu," alisema, bila kunitazama, "hii gari imekataa."

Saa saba lori lilifika, kabla ya muda wake. Katika mji huu ambamo kila kitu kinachelewa, lori la kubeba msiba wangu lilikuja mapema. Mwenye vyuma chakavu aliteremka, mtu mnene mpole, akanisalimia vizuri, akauliza pa kuweka mitungi yake ya gesi. Ndugu yangu naye akaingia nyuma yake kutoka kwake Ntinda akilalamikia foleni, na alipoona boneti limefungwa aliniwekea mkono begani. Ningependa angecheka. Niliutoa ule mkono, nikaenda kusimama kando ya baraza, maana nilitaka angalau nimzibe Baba asione.

Fundi alinikuta hapo, amekwishaosha mikono. Alikuwa amekuja kumuaga mzee. Ni desturi tu, hakuna anayeondoka kwenye nyumba ya watu bila kumuaga mkubwa wake, na siku mbili zilizotangulia aliondoka Baba akiwa ameshaingizwa ndani. Alichuchumaa mbele ya kiti, akashika mkono wa kushoto wa Baba kwa mikono yake miwili.

"Afande," alisema, "mimi nashindwa. Moto iko. Pampu iko mzima. Lakini mafuta hapana fika."

Halafu akafanya jambo ambalo katika nyumba yetu lilikuwa geni. Alinyamaza. Alichuchumaa pale, mkono wa mzee mkononi mwake, akangoja jibu, kwa kuwa alikuwa amemwambia mtu jambo na mtu huyo alikuwa hajajibu. Mimi nilifungua mdomo nimsaidie Baba. Fundi aliniinulia kidole bila kugeuka.

"Lile," Baba alisema.

Fundi aliinua kichwa. "Lile ya pampu?"

"Ee," alisema Baba. Uso wake wote ulilegea. "Ee. Ee. Lile."

Fundi aliruka juu kama aliyekanyaga moto. "Madamu! Mzee anasema lile!"

"Najua anasema lile," nilimjibu. "Amelisema siku tatu."

"Siku tatu! Na wewe nanyamaza?"

Hapo ndipo nilipofundishwa Kiswahili, uani kwetu, mbele ya muuza chapati. Kuna kidude kidogo, kisanduku cha kutoshea kiganjani, kinachopokea amri ya ufunguo na kupeleka umeme kwenye pampu. Kikilala, pampu inalala. Mafundi wa kwingine wanakiita rilei. Kampala, ambako r na l hubadilishana nyumba bila kuaga, wanakiita lile. Kila gereji ya Nateete inakiita lile. Baba amekiita lile maisha yake yote. Wala hakuwa na ngeli yoyote kichwani. Alikuwa ameketi barazani siku tatu akitaja ugonjwa wa gari kwa jina lake, na binti yake msomi alikuwa akimsifu kwa upatanisho wa kisarufi.

"Mimi natafuta hiyo kitu mahali yake, hapana," fundi alikuwa akieleza. "Nafikiri gari ya zamani hii hapana nayo. Afande, uliweka wapi?"

Baba aligonga kiti. Ko, ko, ko. Kisha akaonyesha chini, mbele, kwa kidole.

"Mbebeni," nikasema.

Ndugu yangu alivua koti. Nampa haki yake, hakuuliza kwa nini. Yeye na fundi walikiinua kiti cha mikono na Baba ndani yake, wakavuka nacho uani wakiyumba, wakamweka kwenye mlango wa abiria uliokuwa wazi. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, akaupitisha chini ya dashibodi, nyuma kabisa ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, akapapasa. Fundi aliingiza kichwa pale alipoonyeshwa, akatoka akicheka. Kidude kile kilikuwa kimefungwa huko juu kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Baba alikihamisha mwenyewe zamani, ili mwizi yeyote wa gari ahangaike. Mwizi hakuja. Tulihangaika sisi.

Ufunguo ukiwa umegeuzwa, fundi alishika bisibisi kwa ncha na kukigonga kile kidude kwa mpini. Ko, ko, ko. Kutoka nyuma ya gari ukasikika mvumo, kisha ukakatika. Basi hakukuwa na hasira katika kugonga kiti siku zote zile, yalikuwa maelekezo. Fundi alikifungua, akatuonyesha ndani. Vibati vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani kwa unyevu wa ziwa lililo karibu nasi. Alivisugua kwa msasa dakika tano, akapuliza, akakirudisha, akageuza ufunguo.

Gari lilikohoa mara mbili, likawaka.

Moshi uliotoka ulifunika uani, nguo za jirani zilizoanikwa, lori na mwenye lori. Muuza chapati alitangaza kwamba tangu mwanzo alisema ni umeme. Fundi akarudisha kiti kimoja tu, cha dereva, akaketi, akalitoa gari getini huku magurudumu yakilia, akaenda mpaka kwenye kona, akarudi. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Ndugu yangu alikuwa amesimama na koti mkononi, usoni ana masizi, anacheka kama zamani tulipokuwa wadogo. Mwenye vyuma chakavu alipiga makofi kwa moyo mweupe, akauliza kama ile betri ya zamani tunaihitaji.

Mimi sikuwa na haraka. Ushindi wangu nilitaka niule mezani. Nilisimama mbele ya kiti cha Baba, nikahakikisha ndugu yangu anasikia, nikatoa hotuba. Nilimwambia Baba kwamba gari lake ni zima, kwamba litabaki uani pale pale, kwamba hakuna mtu, mwenye kitufe wala asiye na kitufe, atakayethubutu kuligusa mpaka mwisho wa maisha yake. Nadhani niliweka hata maneno "urithi" na "heshima".

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Midomo ikaanza kuhangaika.

"Uza," alisema.

"Uzi?" niliuliza. "Unataka uzi, Baba? Wa nini?"

"Madamu," fundi alisema taratibu, "mngojee."

Nikanyamaza. Ni kazi ngumu, kunyamaza. Hakuna chuo kilichonifundisha. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yetu na nilihesabu kimoyomoyo mpaka nikapotea hesabu.

"Iko... mzima," alisema Baba. Akapumzika. "Uza. Chuma... hapana." Akapumzika tena, akamtazama ndugu yangu, akaonyesha mahali gari lilipokuwa limeegeshwa. "Jenga."

Hakutaka likatwe, hilo tu. Alitaka liuzwe likiwa hai, kwa mtu wa kuliendesha, na pale pajengwe vile vyumba. Ndugu yangu na mimi tulikuwa tumepigana wiki nzima juu ya moyo wa Baba, yeye akisema haumo, mimi nikisema nimeusoma, na hakuna hata mmoja aliyevuka hatua ishirini kwenda kumuuliza. Niliona aibu mbele ya watu wote wale, aibu ya kweli. Ndugu yangu alifungua mdomo, kisha akaufunga. Naye alianza kujifunza.

Nilivuta kimoja cha vile viti vya gari vilivyokuwa vimepangwa uani, nikakaa karibu na Baba, magoti yetu yakagusana.

"Kuna kingine?" nilimuuliza. "Nangoja."

Alivuta pumzi ndefu. "Uji," alisema.

Miguu yangu ilishaanza kuinuka. Kila asubuhi na kila jioni kwa miaka miwili, Baba alipoanza "uji", mimi nilikuwa nimefika jikoni na kuwasha jiko kabla hajafunga mdomo, nikijisifu kwamba naelewa hata nusu ya neno lake. Nilijilazimisha kubaki kwenye kiti.

"Uji," alisema tena Baba. Alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo, akalitafuta neno la pili, akalipata.

"Uji... hapana."

Nililia pale pale, kwenye kiti cha gari kisicho na gari, na Baba akaningoja nimalize.